Kamera ya kazi Handeni na Korogwe: Usidanganywe na 4K

KAMERA ya video inayonunuliwa kwa ajili ya kazi ya malipo haifanani na ile ya kumbukumbu za nyumbani. Ya nyumbani ikizima katikati ya sherehe, familia hucheka na kuendelea na pilau. Ya kazi ikizima wakati maharusi wanavishana pete, mpiga picha amepoteza malipo yake, na pengine jina lake katika mji mzima.

Katika miji ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, jina ndilo mtaji wa kwanza. Miji hii miwili imeunganishwa kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 65, na mtu aliyeharibu harusi Chanika anaweza kusimuliwa Manundu kabla jua halijazama.

Kwa sababu hiyo, kijana anayetaka kuingia katika biashara hii hana budi kuchagua kamera kwa kuangalia kazi zinazolipa mahali alipo, wala si kwa kuangalia matangazo. Makala haya yanahusu kamera za daraja la kati, yaani zile ambazo zikiwa mpya huuzwa ng'ambo kwa kati ya dola za Marekani 1,500 na 4,000 hivi, kabla ya gharama za usafiri, ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18.

Fedha hizo kwa wengi hutoka SACCOS, VICOBA, au kwa ndugu aliyeuza shamba. Wapo pia wanaotegemea mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Korogwe na Handeni kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya, hivyo milango ya kugonga ni minne, lakini hugongwa na kikundi, si mtu mmoja.

Mkopo wowote uwao una tarehe zake za marejesho, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Harusi hazifungwi mwaka mzima. Wakati wa Kwaresima Wakristo wengi hawafungi ndoa, na wakati wa Ramadhani sherehe za Waislamu husimama. Mwaka 2025 vipindi hivyo viwili vilianza kwa kupishana siku chache tu mwezi Machi, na vikafuatiwa na masika. Mpiga picha mwenye rejesho la kila mwezi alipaswa kuwa na kazi nyingine au akiba.

Kazi zenyewe ni zipi

Kazi za mwisho wa juma zinajulikana: harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, maulidi, mahafali ya shule na, kwa familia zenye ndugu walio mbali, mazishi. Zote zina sifa moja, nayo ni kwamba ni ndefu na hazirudiwi. Ibada ya ndoa huchukua saa moja na nusu au mbili, ukumbini ni saa nne au tano, na katikati kuna msafara wa magari na picha za bustanini.

Kazi za siku za wiki ni chache lakini hulipa vizuri zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepita katika wilaya za Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ambako kaya kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Juni 2022, kilivuta vyombo vingi vya habari. Kituo cha utafiti cha NIMR kilichoko Korogwe kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014.

Miradi ya aina hiyo huhitaji picha za ripoti na mahojiano. Timu inayotoka Dar es Salaam kwa kawaida huja na kamera zake, lakini inapohitaji mtu wa pili mwenyeji, swali la kwanza si kama ana kamera nzuri. Huuliza kama inarekodi picha 25 kwa sekunde na kama ina matundu ya XLR kwa ajili ya sauti. Mwenye jibu la "ndiyo" kwa maswali hayo mawili amekwisha kuingia mlangoni.

Kutoka kanda hadi kadi

Miaka ya 2000 jibu la swali la kamera lilikuwa rahisi. Sony DSR-PD150, iliyotoka mwaka 2000, na ndugu yake PD170 ya mwaka 2003, zilikuwa ndizo kamera za kazi kwa mashirika na watengenezaji wa vipindi duniani kote. Zilitumia kanda ndogo za DV, zilikuwa na XLR, na ziliona vizuri gizani kwa viwango vya wakati ule.

Leo kamera ya kanda haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure. Kanda ni adimu, vichwa vya kusomea huchakaa, kuhamisha saa moja ya picha kwenda kwenye kompyuta huchukua saa moja kamili, na picha yenyewe ikiwekwa kwenye runinga za sasa huonekana kama imepitishwa kwenye chandarua.

Kilichobadilisha mambo ni Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, kamera ya picha za mnato iliyoweza kurekodi video zenye mandhari ya nyuma yaliyofifia kama ya sinema. Tangu hapo vijana wengi hutamani kamera za aina hiyo, na kwa sasa warithi wake wasio na kioo cha ndani, kama Sony a7 III ya mwaka 2018, Panasonic GH5 ya mwaka 2017 na Sony FX30 ya mwaka 2022.

Kamera hizo ni nzuri, na kwa video ya wimbo wa Bongo Fleva au tangazo la hoteli ni vigumu kuzishinda. Kwa ibada ya saa mbili katika kanisa lenye paa la bati, mambo ni mengine. Nyingi za zamani zilijizima kila baada ya dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ushuru wa Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayorekodi nusu saa au zaidi kuwa ni kamera ya video. Nyingine hupata joto na kukataa kuendelea. Canon R5 ya mwaka 2020 ilipata sifa hiyo mbaya mara tu ilipotoka, ilipokuwa ikirekodi kwa ubora wake wa juu kabisa. Korogwe mwezi Februari haihitaji kuongezewa joto.

Aidha, lenzi inayoona vizuri gizani huuzwa peke yake, na lenzi mbili nzuri zaweza kupita bei ya kamera. Hivyo basi, kwa mtu anayeanza na kamera moja na ambaye mkate wake ni sherehe, maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kamera ya video kamili, yenye lenzi yake ya kudumu na mpini, bado ndiyo chaguo salama.

Kihisi na lenzi

Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, kiitwacho kihisi cha picha. Kadiri kilivyo kikubwa ndivyo kamera inavyoona gizani bila picha kujaa chenga. Kamera nyingi za zamani zilikuwa na vihisi vya theluthi moja ya inchi. Zile za daraja la kati zilizotoka tangu mwaka 2015 nyingi zina kile kinachoitwa cha inchi moja. Hilo ni jina tu, kwani vipimo vyake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8, lakini eneo lake ni zaidi ya mara sita ya kile cha theluthi. Ukumbini, ambako mpambaji amezima taa nyeupe na kuwasha za zambarau, tofauti hiyo huonekana kwa macho.

Sony HXR-NX100 ya mwaka 2015 ni mfano wa kamera ya aina hiyo: kihisi cha inchi moja, lenzi inayovuta mara 12, matundu mawili ya XLR, nafasi mbili za kadi, na vichujio vya ND vya kupunguza mwanga wa jua. Hairekodi 4K. PXW-Z150 ya mwaka 2016 inafanana nayo kwa mengi na inaongeza 4K. Kwa upande wa Panasonic, AG-UX90 ya mwaka 2016 huvuta mara 15 na, jambo muhimu zaidi, huanza na upana wa milimita 24.5 dhidi ya 29 za Sony hizo. AG-CX350 ya mwaka 2019 huvuta mara 20. Canon ina XA50, pia ya mwaka 2019, ndogo na nyepesi.

Upana huo haupewi uzito unaostahili. Wanunuzi huuliza kamera inavuta hadi wapi, ilhali kazi nyingi hufanyika katika sebule ya mita nne kwa nne ambamo wamekaa wazee 20, washenga na mchumba aliyefunikwa kanga. Hapo hakuna pa kurudi nyuma isipokuwa ukutani.

Kuhusu nyuso, mistari ya pundamilia inayoonyesha kiwango cha mwanga hutolewa na maelekezo ya asilimia 70 kwa ngozi. Kiwango hicho kilipangwa kwa ngozi nyeupe. Kwa nyuso za watu wetu, asilimia 50 hadi 60 hutosha, na pundamilia iwekwe karibu na asilimia 100 kulinda shela na kanzu, kwa sababu kitambaa cheupe kikishaungua hakirudishwi na kompyuta yoyote.

Sauti ndiyo nusu ya kazi

Mteja husamehe picha yenye chenga kidogo. Hasamehi kiapo kisichosikika, wala nasaha za babu zilizomezwa na spika za muziki.

Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera husikia kilicho karibu nayo, yaani watoto na kamati ya chakula. Dawa yake ni kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya muziki ya ukumbini. Hapo ndipo tundu la XLR linapolipa bei yake, kwani huingiza waya mrefu bila kuokota mvumo wa jenereta, na hujifunga kwa kufuli ili mpita njia asiuchomoe.

Tundu hilo lina swichi ambayo lazima ieleweke. Sauti ya miksa ni kubwa mara nyingi kuliko ya maikrofoni, hivyo swichi iwe upande wa LINE. Ikiachwa upande wa MIC, sauti hukwaruza tangu mwanzo hadi mwisho na hairekebishiki. Kuna pia nafasi ya tatu inayopeleka umeme wa volti 48 kwa maikrofoni zinazouhitaji. Umeme huo usipelekwe kwenye miksa ya mtu.

Njia bora ni kutumia matundu yote mawili: moja sauti ya miksa, jingine maikrofoni ya kwenye kamera kwa ajili ya vigelegele. Kisha kuwe na akiba ya tatu, ambayo yaweza kuwa simu ya zamani mfukoni mwa bwana harusi ikiwa na maikrofoni ya kubana kwenye koti. Wasimamizi wa muziki hubadilika, nyaya hukatika, na MC hupenda kuacha kipaza sauti na kupiga kelele.

Umeme, kadi na betri

Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera huona. Ikipangwa picha 25 au 50 kwa sekunde na shata ya 1/50, kumeta huko hutoweka. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani hufuata mfumo wa 60, na baadhi ya zile za zamani hazibadiliki kabisa. Baadhi ya zile zilizouzwa kwa Wajapani zina menyu za Kijapani pekee. Kabla ya kulipa, fungua menyu na uhakikishe 50 ipo. Mahali penye jenereta lililochoka hata 1/50 huweza kushindwa, na hapo kamera yenye uwezo wa kurekebisha shata kidogo kidogo huokoa.

Hesabu ya kadi ni ya darasa la sita. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22.5 kwa saa. Ya megabiti 100, ambacho ni kiwango cha kawaida cha 4K katika daraja hili, hula 45. Kadi ya gigabaiti 64 hutoa kama saa mbili na dakika 45 kwa ya kwanza, na nusu yake kwa ya pili.

Harusi yenye saa sita za picha itakula gigabaiti 135 au 270, na kila mwenye akili huhifadhi nakala mbili. Kwa wateja ambao bado hutazama kupitia flashi kwenye runinga au kipande cha dakika moja kwenye WhatsApp, 4K ni mzigo wa diski na wa kompyuta bila nyongeza ya malipo. Faida yake ipo kwenye mahojiano, ambapo picha moja pana huweza kukatwa ikawa mbili. Ni vyema kuwa nayo; si vyema kuikopea.

Nafasi mbili za kadi, kwa upande mwingine, zinastahili kukopewa. Kamera hurekodi kwenye kadi zote kwa pamoja, na moja ikifa nyingine ipo. Kadi bandia ni nyingi sokoni, na baadhi huandikwa 128 huku zikiwa na uwezo wa nane tu: hurekodi bila kulalamika, kisha picha hazipo. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi na kuisoma tena, na ukweli hujulikana kabla ya siku ya kazi.

Betri za Sony za NP-F ni sababu nyingine ya kamera kama NX100 na Z150 kupendwa, kwa kuwa hutumika pia kwenye taa nyingi ndogo za LED. Ile kubwa, NP-F970, hubeba takriban wati-saa 47. Gawanya kwa wati ambazo kamera yako hutumia: kama ni 10, utapata zaidi kidogo ya saa nne na nusu. Betri zisizo na jina huandikwa namba kubwa zaidi na kutoa nusu. Kwa kazi za vijijini, kuanzia Kwamsisi hadi Magoma, betri tatu halali ni kiwango cha chini.

Ukinunua iliyotumika

Kwa bajeti ya wengi, kamera iliyotumika ndiyo halisi. Ikaguliwe kwa tochi: mulika lenzi kwa pembeni na utafute nyuzi mfano wa utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na huzaliwa katika unyevu. Baadhi ya kamera za kazi huonyesha kwenye menyu saa zilizotumika. Rekodi nusu saa mfululizo bila kuzima, vuta lenzi mwanzo hadi mwisho mara 10, chomeka waya katika kila tundu la XLR na uutikise ukiwa umevaa visikilizio. Muuzaji asiyekubali haya, mwachie kamera yake.

Dai risiti ya EFD, au kwa iliyotoka nje, hati za forodha. Kamera isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na mwenyewe aweza kuitambua kwa namba yake.

Aidha, fedha yote isiishie kwenye kamera. Robo au zaidi ya bajeti ibaki kwa stendi imara ya miguu mitatu, maikrofoni, kadi, betri, diski mbili na mfuko wenye vidonge vya kufyonza unyevu. Vumbi la Handeni wakati wa kiangazi na ukungu wa milima ya Usambara juu ya Mombo ni maadui wawili tofauti, na fundi wa kuaminika mara nyingi yuko Dar es Salaam, safari ya nusu siku kwa basi. Anayeweza akodi kamera ya aina anayoitaka kwa harusi mbili tatu kabla ya kununua.

Filamu na matangazo ya biashara huhitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na ndege nyuki huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa harusi kinachohitajika ni mkataba wa ukurasa mmoja: malipo ya awali, siku ya kukabidhi, nani ana ruhusa ya kuweka picha YouTube, na picha ghafi zitahifadhiwa kwa miezi mingapi. Kipengele hicho cha mwisho husahauliwa, na diski hujaa ifikapo Desemba, harusi zikiwa zimepamba moto na mteja wa Julai bado hajaja kuchukua flashi yake.